Ile Kopi Safi

Jumatatu, 2 Septemba

Oya, shosti wangu wa karatasi! Upo? Kaa vizuri, leo nina nyongo.

Asubuhi hata sijafagia fremu, simu ya Ngassa. Yule mwenye banda la video kule Kigwa. Salamu hakuna. "Ng'washi, yule jambazi alikufa au hakufa?"

Jambazi gani tena? Kumbe ile muvi niliyompa juzi imekatika kabla ya mwisho. Jamaa ananing'inia ghorofani, vidole vinaachia kimoja kimoja — giza. Basi. Banda zima kelele, mzee mmoja kavua kiatu anataka kuirushia TV. Ngassa anasema watu hawatoki mpaka waambiwe.

Nikamwambia weka sauti kubwa. Nikawatungia mwisho papo hapo kwa simu: mke wake akaja na kamba, akamvuta mpaka juu, jamaa akashukuru, akashukuru — halafu mke akamsukuma tena, maana habari za mchepuko alikuwa nazo tangu zamani. Walishangilia! Makofi mpaka simu ikakwaruza.

Nilicheka. Halafu nikakaa kwenye stuli, nikajichukia.

Maana ndiyo biashara yangu hiyo. Nimekaa hapa jirani na stesheni ya Tabora, nashusha muvi za wizi, nawawekea watu kwenye flashi. Na si hata wizi mzuri! Nyingi ni za mtu aliyeingia ukumbi wa sinema na kamera ndani ya koti. Picha imelala upande. Mtu anakohoa — siyo wa kwenye muvi, wa kwenye viti. Kuna moja ina kichwa cha mtu mbele, mwanzo mpaka mwisho. Wateja wamekizoea, wanakiita Shemeji. "Dada, nipe ile yenye Shemeji." Chini tangazo la kamari linatambaa. Mdomo unafunga, sauti ndiyo inafika. Na huko zinakotoka ni mitego mitupu, vitufe vya kushushia vimejaa, cha kweli kimoja. Ukikosea umekaribisha mgeni asiyeaga.

Kazi yangu hasa ni kamera. Hakuna aliyenifundisha. Niliharibu, nikatengeneza, nikaharibu tena. Baba kule Ntalikwa bado anawaambia watu nauza vocha.

Lakini Alhamisi nina kazi. Gongoni, kwa kina Shaima. Kazi ya kweli!

Alhamisi, 5 Septemba

Shosti, raha tupu leo! Ngoja niandike kabla sijasahau.

Shaima ameingizwa ndani leo. Harusi ni Ijumaa ya tarehe ishirini, anaolewa na Fauzi, wa duka la vitambaa. Mpaka siku hiyo hatoki, haonekani, hashiki simu. Ni kupakwa liwa, kusuguliwa singo na mawaidha tu. Kwao mwari anaingizwa kwa shughuli ya wanawake watupu. Ndiyo maana wakaniita mimi. Wapiga video wanaume wamejaa mjini, ila pale mlangoni hata awe na kamera ya dhahabu, haingii.

Bibi yake Shaima alikaa mlangoni mwenyewe na kapu la ukili. Kila anayeingia anatoa simu. "Simu kwenye kapu, ulimi kwenye meno." Shangazi mmoja akajifanya hana. Bibi akamtazama kifuani tu. Akaitoa!

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo kamera yako ina macho ya kike?"

"Inayo, Bibi."

"Basi na aingie."

Halafu akanishika mkono, akashusha sauti. Kasema hii ni amana. Yeye nimpe moja, kwenye flashi moja. Ya kwangu nifute. Hata wanaume wa nyumba ile wenyewe hawataiona. Nikaitika, sawa Bibi.

Basi mabaibui yakavuliwa — shosti! Wanawake ninaowaona barabarani kila siku, macho tu, kumbe ndani kuna moto hivi! Nywele chini, madera yamefungwa kiunoni, taarabu imefunguliwa mpaka vyombo vinalia kabatini. Bibi akatoa ushungi. Nywele nyeupe, kasuka mabutu mawili kama binti wa darasa la kwanza. Akacheza na mkongojo wake kana kwamba ndiye bwana harusi.

Halafu Shaima. Tumekaa dawati moja mimi na huyu, namjua ni kichaa, ila leo alipita kiasi. Akajaza mito kwenye dera, akaigiza mama yake Fauzi! Ule mwendo wa kusukuma hewa. Akapitisha kidole dirishani, akakinusa, akauliza vumbi hili mmelirithi au mmenunua. Akafunua sufuria: "Wali huu nani kaupika? Mbona unanitazama?" Wanawake walilala chini. Bibi alikuwa anakataza huku amejifunika uso, mabega yanaruka.

Yote nimeyachukua. Mwanga wa saa kumi, dirisha la magharibi. Hakuna picha iliyotikisika. Hakuna aliyekohoa!

Jumamosi, 7 Septemba

Nimempelekea Bibi flashi yake. Tumeiangalia wawili, mlango tumefunga. Alicheka, akasema kumbe nimezeeka hivi na nyinyi hamniambii. Halafu: "Yako umefuta?"

"Nimefuta, Bibi."

Sijafuta.

Siyo ya kumwonyesha mtu! Sikiliza. Kutwa nzima nauza picha zilizopinda za watu wengine. Hii moja ndiyo inasema Ng'washi anajua. Nataka tu niwe naiangalia nikikata tamaa. Nimeipa jina la hovyo, nikaificha ndani ya folda ya muvi za zamani. Kuificha kabisa, haionekani hata ukifungua folda. Nilijifunza mwenyewe kuficha faili. Nani ataiona?

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya vita. Nimeshinda!

Ilikuwa hivi. Kuna muvi mpya kila mtu anaidai. Nikaipata, nikabonyeza kwa haraka, kitufe kibaya. Faili likashuka, lina sura ya muvi, kumbe si muvi. Nikalifungua. Kimya. Baada ya muda folda zote zimegeuka shotikati. Ukibonyeza, hewa. Kirusi kimezificha muvi zote za watu, kikaacha vivuli vyake. Na kila flashi niliyochomeka asubuhi nayo imeambukizwa!

Wateja wakarudi wamevimba. Mama mmoja wa kwaya kasema nimemlia nyimbo zake za Pasaka. Foleni mpaka kwa muuza karanga. Mimi jasho. Nikakumbuka kuna dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika mstari mmoja tu na kila kilichofichwa kwenye diski kinafichuka. Nikaandika. Nikaomba Mungu. Tiii — muvi zote zikarudi! Watu wakapiga makofi. Mama wa kwaya akaniita daktari. Daktari Ng'washi, Bingwa wa Flashi!

Ngassa naye alikuwepo katikati ya fujo, kaja na diski yake kutoka Kigwa. Wazee wake wamechoka muvi za kukatika, wanataka za zamani, angalau zina mwisho. Nikamwambia jihudumie, kaka, mimi natibu. Akabeba folda nzima, akaenda.

Jumatano, 11 Septemba

Kina mama wawili wa ile shughuli wamekuja fremu. Wote wana mabinti wa kuozwa. Bibi anawaambia watu yule mtoto wa Ntalikwa ana kifua, siri haimtoki. Mimi! Nimeanza kuwaza kung'oa bango la muvi, nibaki na kamera tu.

Ngassa kapiga mara mbili, sijapokea. Atakuwa anataka nimtungie mwisho mwingine. Leo sina mudi ya kuua majambazi.

Jumamosi, 14 Septemba

Shosti. Shosti.

Kaja kijana, simjui, wa kupakia soda. Anatafuna muwa. "Dada, unayo ile ya Waarabu wa mjini wanacheza?"

Nikamuuliza ipi.

"Ile kuna binti kajaza mito anaigiza mama mkwe. Na bibi mmoja wa mabutu. Nimeiona kwa simu ya jamaa yangu." Akatema makapi ya muwa. "Safi hiyo! Siyo hizi zako za kina Shemeji. Ile unaona mpaka hina kwenye kucha."

Nikasema sina. Akasema aa, utakuwa umeishiwa, nitapita kesho. Kama mtu aliyekosa mkate!

Nimefunga fremu mchana kweupe. Nikafungua laptopu. Folda ya muvi za zamani. Ipo pale. Wazi, katikati ya wenzake, inanitazama. Ile amri yangu — inafichua kila kilichofichwa. Kila kilichofichwa! Haikuchagua cha kirusi na cha kwangu. Nilipigiwa makofi nikiwa namvua Bibi ushungi.

Halafu Ngassa akabeba folda nzima. Nikiwa nimesimama hapo hapo. Jihudumie, kaka.

Nimeuza uchafu mwaka mzima. Kopi safi kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye fremu hii ni ile ambayo sikuiuza.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekwenda Kigwa. Gari la asubuhi, vumbi, sikuona njia.

Ngassa alikuwa anapanga mabenchi. "Mwangaluka, daktari!" akaniamkia kwa kilugha. Akaniona uso, akaacha benchi.

Hakujitetea, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema, "Mdogo wangu, nilikupigia mara mbili!" Muvi ya kwanza iliisha, mashine ikaendelea yenyewe na faili la pili, yeye yuko nje anakoka moto wa chai. Akasikia banda limenyamaza. Banda la Ngassa halijawahi kunyamaza! Akaingia, akamkuta Bibi anacheza na mkongojo. Kasema alidhani ni muvi ya nchi fulani, mpaka akasikia Kiswahili cha mjini. Akazima. Vijana wakapiga kelele rudisha, rudisha, akawaambia nina mama mimi, tokeni. Ndipo akanipigia. Sikupokea. Mimi, Bingwa wa Flashi, sikuwa na mudi.

Nikamwambia basi futa. Akafuta mbele yangu. Nikaanza kupumua.

"Ila," akasema.

Kabla ya jioni ile alikuwa ameshamwekea mtu folda yote. Masanja, wa lori la tumbaku. Naye ana tabia ya kuwarushia wenzake kila anaposimama. Nikauliza yuko wapi huyo Masanja. Ngassa akanyoosha mkono tu kuelekea machweo. Njia ya Kigoma.

Shuleni walitufundisha misafara mpaka tukalala. Tabora kila kitu kinapita, pembe, chumvi, watu wamefungwa shingo. Tulikaririshwa, tukafaulu mtihani. Na sasa mtoto wa hapa hapa kamfunga Bibi wa watu kwenye flashi, kampakia, anashuka naye Ujiji nywele wazi. Hongera Ng'washi.

Nikamuuliza Ngassa nifanye nini. Alikuna kidevu. "Ukisema, utamuua bibi wa watu. Usiposema, atakayekufa ni wewe, polepole. Mimi nina banda la video tu, mdogo wangu. Sijui."

Akanirudishia nauli. Nilikataa. Akaiingiza mfukoni mwangu kwa nguvu kama mtu anayetoa rambirambi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimefuta ya kwangu. Leo! Maji yameshamwagika ndiyo nafunika mtungi.

Nikaenda Gongoni nikaseme. Njiani nimejisemea maneno yote, yamepangika vizuri kabisa. Nikafika, Bibi akafurahi, akanivuta mpaka chumba cha mwari.

Shaima ananukia liwa, kang'aa kama sahani mpya. Amechoka kukaa ndani, akanirukia. Kasema Bibi kamnyang'anya hata redio. Akaanza tena yale yale, mwendo wa mama mkwe, kidole dirishani. Sikucheka. Akasimama katikati ya hatua. "Kichaa wangu, una nini? Umefiwa?"

Nikafungua mdomo.

Bibi akaingia na sinia la kahawa na kashata. Anacheka peke yake. Kasema mama yake Fauzi kaleta salamu. Kawaambia ndugu zake wote kwamba mabinti wazuri wamejaa mjini, ila yeye kachagua nyumba hii kwa sababu ni nyumba ya stara. "Umesikia, Shaima? Stara! Na wewe unamwigiza mwenzio." Akanipa kikombe. "Kunywa mjukuu wangu. Wewe sasa ni wa humu."

Nilikunywa. Kahawa chungu, nikaitikia tamu.

Nimerudi bila kusema. Barabara nzima kila mwanaume aliyeshika simu nilimchungulia. Mmoja kanitukana, kasema unataka namba au? Mwoga mimi. Mwoga, mwoga, mwoga.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika kwenye stoo ya kina Shaima, nimekalia gunia la mchele. Mlango nimeuegemea. Kalamu nimeazima kwa mpishi.

Nimekuja na kamera kama nilivyoahidi, upande wa wanawake. Nikaja mapema nimpate Shaima peke yake. Nyie! Chumba kimejaa tangu alfajiri. Mama yake Fauzi mwenyewe kawahi, kakaa kitandani kama kabati. Na kweli — nilimwona kwa macho yangu — alipitisha kidole dirishani! Akakitazama. Shaima kule kwenye kiti cha hina akanikonyeza, akauma ushungi asicheke. Nilichukua video huku machozi yananitoka, wakadhani ni furaha. Shangazi mmoja kanipa kitambaa, kasema utaolewa na wewe, usilie.

Nilipotoka kuchomeka betri nikapita kwenye ua. Dirisha la ukuta linatazama barazani, wanaume wamejaa wanasubiri watu watoke msikitini. Vijana wanne hivi wamebanana kwenye simu moja. Mmoja anasema rudisha nyuma kidogo, hapo hapo kwenye mito. Wakacheka kile kicheko cha puani. Wakaona kivuli changu, simu ikazama mfukoni. Inawezekana ni kitu kingine. Mito imejaa duniani! Lakini mmoja wao ni binamu yake Fauzi, na alinitazama kamera, siyo uso.

Nikarudi. Shaima kaomba apishwe avae. Wote wakatoka isipokuwa mimi na Bibi. Bibi akainama kutafuta pini. Shaima akanivuta sikio, pumzi yake ya karafuu, akaninong'oneza: "Ile umeifuta kweli, eh? Huyu mama akiiona atanirudisha hata sijakaa." Anacheka! Ananiuliza kama mtu anayeuliza jiko limezimwa.

Nikasema betri. Ndilo neno lililotoka. Betri. Nikakimbilia huku.

Msikiti umeshatoka, nasikia. Watakuja kumwuliza ridhaa yake sasa hivi, mjomba na mashahidi nyuma ya pazia, mara tatu kama kawaida. Akiitika hajui, ataitika kwa uongo wangu. Fauzi akiiona kesho kwa huyo binamu, atasema walijua, wakanificha. Nani atamwamini Shaima kwamba hakujua? Nikimwambia sasa, anaweza kusema ngojeni. Anaweza kumwita Fauzi pembeni, amwambie kwa mdomo wake kabla ya mdomo wa mtu. Au anaweza kuanguka hapo hapo mbele ya mama mkwe, na Bibi na pini zake. Na mimi Tabora hii sitashika kamera tena. Hilo nalo lipo, nisijidanganye, hilo lipo mbele kabisa.

Majambazi wa Ngassa nilikuwa nawamaliza kwa sentensi mbili. Kamba, mke, msukume, makofi. Leo nimekaa kwenye mchele, natafuta sentensi moja, haiji.

Vigelegele. Wamefika.

Mlango unagongwa. Kidogo kidogo, kwa kucha. Ni yeye, namjua anavyogonga, tangu shule. "Ng'washi? Betri gani hiyo haijai? Fungua, wananiita."

Shosti, kitasa nimekishika. Ungekuwa wewe, ungefungua ukasema nini?